Mgeni Aliyekuja Kufuatilia Makala

Kwanza nilisikia viatu. Mtu alikuwa nje ya mlango wetu akigonga soli kwenye ngazi ya saruji, kushoto, kulia, kushoto tena, kama aliyeapa kwamba tope lote la Karatu litabaki hukohuko nje. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha. Mbali kidogo magari ya watalii yalikuwa yakinguruma kuelekea lango la Ngorongoro, nayo sikuyaona. Lakini viatu vilikuwa karibu na havikuacha. Nikajua ni mgeni. Tunaoishi hapa hatuhangaiki hivyo, maana tope letu jekundu halitoki, linahama tu kutoka kiatu kwenda sakafuni na kutoka sakafuni kwenda kwenye pindo la suruali.

"Hodi."

"Karibu," nikasema bila kuinua macho.

Nilikuwa nikiandika barua ambayo niliiandika karibu kila asubuhi. Mheshimiwa Daktari, tunakuomba kwa heshima utusomee makala ifuatayo. Wachache hujibu kwamba wamebanwa na kazi. Wengi hawajibu kabisa, na ukimya wao una uzito wake; nimeubeba hadi nikaanza kuusikia ndotoni, ukumbi mzima wa madaktari waliokaa na mikono mapajani wakinitazama.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, na kila kitu chetu kilinuka mbegu zilizotiwa dawa. Humo ndimo lilimotoka jarida la sayansi za dunia: mawe, maji ya ardhini, volkano, mmomonyoko wa udongo. Mwanzilishi na mhariri mkuu alikuwa mama mmoja aliyefundisha jiolojia chuoni mpaka akastaafu. Alitaka jarida ambalo mtu yeyote mwenye simu angelisoma bila kulipa, na mwandishi yeyote angelipelekea kazi yake bila kulipa. Watu walimpongeza kwa wazo hilo, kisha wakaenda zao. Tuliobaki kulibeba tulikuwa yeye na mimi.

Mimi si mwanajiolojia. Ninaandika riwaya. Nilipanda kuja Karatu nikisema nitakaa msimu mmoja, nimalizie kitabu changu kwenye baridi, huku nikimnyooshea mama yule lugha za makala na kuziandikia muhtasari wa Kiswahili. Kitabu kililala. Nilipokwenda Arusha kwenye jioni za kusomeana kazi, wenzangu waliniuliza, "Vipi, bado uko kwenye mawe?" nami nilicheka pamoja nao. Sikuwaambia kwamba nimesoma jedwali moja, tarakimu tupu, linaloeleza jinsi mlima mzima ulivyozama ndani ya tumbo lake ukaacha kreta, na kwamba tangu siku hiyo sentensi zangu mwenyewe zilionekana kwangu kama nguo za kuazima. Sikuwaambia pia jinsi nilivyochoka. Mgongo haukuniuma. Nilichoka kama mlinzi wa lango ambalo watu hawapiti kuingia wala kutoka, na bado lazima mtu alilinde.

Aliyeingia alikuwa dada wa umri wangu, koti la mvua limemshika mwili, begi begani na chupa ya plastiki ya asali mkononi. Alipozungumza aliweka vidole mbele ya mdomo.

"Samahani dada. Nimekuja kufuatilia makala yangu."

Nikainua macho. Kwa muda wote niliokaa pale sikuwahi kumwona mwandishi. Waandishi kwangu walikuwa majina ya kufutwa. Ndivyo kazi ya jarida inavyokwenda: kila makala husomwa na wataalamu wawili, tunawaita wahakiki, na kabla hawajaipata ninafuta jina la aliyeiandika, chuo chake, hata shukrani anazowapa wazazi wake. Mhakiki hajui anamsoma nani, na mwandishi haambiwi kamwe aliyemsoma ni nani. Hivyo hukumu haiwezi kuwa ya urafiki wala ya chuki. Mhariri mkuu, ambaye sote tulimwita Mama, aliniita mfutaji. "Mfutaji wangu," alikuwa akisema, "leo umemfuta nani?"

Nilimwongoza mgeni hadi chumba cha ndani. Kwenye meza ya chumba cha nje kulikuwa na mzee mmoja ameinamia kompyuta yetu ya pili, akiandika kwa kidole kimoja, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Hakugeuka.

Mama alimsikiliza mgeni mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, jarida letu liko kwenye mtandao. Mtu halifuati kwa miguu."

"Profesa, mimi kila nilichopata nimekifuata kwa miguu. Cheti cha kuzaliwa nilikifuata. Mkopo wa chuo niliufuata, nikalala kwa shangazi wiki nzima. Jalada lisipofuatiliwa linalala."

Mama akacheka, maana hata yeye alikuwa Mtanzania. Mgeni hakucheka. Akaeleza. Alikuwa akifundisha chuoni kwa mkataba, na mwisho wa mwezi kamati ingekaa kuangalia nani aendelee. Kila mmoja alitakiwa awe na makala moja iliyokubaliwa. Yeye alikuwa na hii tu, kuhusu visima vya vijijini Sale na madini yaliyomo ndani ya maji yake. Bila barua yetu, mkataba ungeishia hapo.

"Wenzangu wananiambia niwaandikie wale wa kulipia," akasema, akatoa simu na kutuonyesha ujumbe. Jarida fulani lenye jina refu lilimwahidi kukubaliwa ndani ya siku tatu, alipie tu. "Wameshaniandikia hata kabla sijawatumia kitu. Sitaki, Profesa. Hawa hata hawasomi."

"Hawasomi," Mama akakubali. Kisha akashusha sauti, kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa wa mbao. "Mhakiki wa kwanza ameshakubali. Wa pili anamalizia. Vumilia siku chache. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo."

Uso wa yule dada ukafunguka. Akaisogeza chupa ya asali mezani.

"Ya nini hii?"

"Ya chai tu, Profesa. Ya nyumbani."

"Rudisha kwenye begi. Makala ikishaamuliwa, hata ikikataliwa, uilete tuinywe. Kabla ya hapo, hapana."

Nilipokuwa nikitoka kuchemsha chai, Mama alinifuata hadi kwenye jiko la gesi. Akaninong'oneza, "Yule mzee hapo nje ndiye wa pili." Nilijua. Mimi ndiye niliyemtumia makala. "Usimtaje binti kwa jina. Usiseme anakotoka wala amekuja kufanya nini. Ni mgeni, basi."

Leo ninashangaa kwamba hatukufikiria njia iliyokuwa rahisi kuliko zote, yaani kumwambia aende zake. Lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, naye ametoka mbali, kalowana. Mtu wa hivyo hafukuziwi nje bila chai. Jambo hilo halikutujia hata akilini. Na meza ya kunywea chai ilikuwa moja tu, hapo chumba cha nje.

Mzee yule alikuwa mchimba visima wa serikali maisha yake yote ya kazi, na sasa alilima ngano na mbaazi kijijini Qurus. Alikuja kwetu kwa sababu nyumbani kwake mtandao ulipatikana kwa kusimama juu ya kichuguu, na kichuguu, alisema, kina wenyewe. Nilimpenda kwa kuwa alijibu barua. Kabla yake, kuhusu makala hiyohiyo, niliandikia wataalamu wa nchi ngapi sijui, wote wakanyamaza.

Nilipoleta birika, umeme ukakatika. Kompyuta yake ikazima. Kama usingekatika, huenda angeendelea kudonoa herufi zake hadi mgeni anywe, akaushe koti, aondoke. Lakini mzee aliyenyang'anywa kazi anatafuta mtu wa kuzungumza naye.

"Haya," akasema, akavuta kiti. "Huyu naye ni wa hoteli gani?"

"Ni mgeni wangu," Mama akajibu upesi.

"Wa hoteli gani?"

"Si wa hoteli, mzee," akasema yule dada. "Shikamoo."

"Marahaba. Basi kama si wa hoteli una bahati, utakunywa chai yenye majani. Hawa wa hoteli wanatuuzia maji ya moto na uzi." Akajimiminia. "Mama, mgeni wako mbona mpole? Umemtisha?"

"Mzee, chukua andazi."

"Nachukua. Mgeni, ngoja nikuchekeshe, maana nimekaa na hili jambo tangu asubuhi linaniwasha. Kuna mtu kaandika kuhusu visima vya huko Sale."

Nikaona kikombe cha yule dada kikisimama katikati ya meza na mdomo.

"Mzee," nikasema, "sukari imekutosha?"

"Sukari nilishaweka, mwandishi, wewe mwenyewe umeninyima kijiko cha tatu. Sikiliza, mgeni. Kazi nzuri! Sisemi mbaya. Kaenda kisima kwa kisima, jivu la volkano kalipima kama muuza duka anavyopima unga. Anaonyesha yale madini yanayoharibu meno ya watoto yanatoka kwenye tabaka gani la udongo. Nikasema, huyu ana kichwa. Halafu nafika katikati, naona nini? Maji yote kachota kiangazi. Kiangazi kitupu!"

"Mzee," Mama akasema.

"Namalizia, mama. Ni sawa na kuonja mchuzi uliokaukia chunguni halafu umlaumu mpishi kwa chumvi. Masika yako wapi? Nikajiambia, aa, nimeshakujua. Mtoto wa mjini. Anaogopa tope."

Akacheka peke yake, akamega andazi. Mvua ilikuwa imekolea. Mama alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza, kama mtu anayeizuia isiinuke.

Yule dada akaweka kikombe chini.

"Daraja lilichukuliwa na mto, mzee."

"Daraja gani?"

"La kwenda vijijini. Masika yaliyopita. Nilikaa upande wa huku na chupa zangu za sampuli, naviona visima ng'ambo, siwezi kuvifikia. Nikasubiri mpaka ruhusa ya chuo ikaisha. Na tope siliogopi. Nimezaliwa ndani yake." Akaondoa vidole mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatuonyesha meno. Yalikuwa ya kahawia, yenye mistari, kama mbao zilizonyeshewa. "Haya ni ya kisima cha shule. Ni kile cha kwanza kwenye makala."

Hata mzee alisahau kutafuna. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi, kisha akamgeukia Mama polepole sana.

"Mama. Umenikalisha na nani?"

"Na mgeni," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko nilivyowahi kuisikia.

Mzee akavua kofia ya sufu, akaikunja magotini. "Basi nimeharibu."

"Tumeharibu," Mama akamrekebisha.

"Lakini binti, kwa nini hukuandika? Sentensi moja! Daraja limekwenda, masika hayakupimwa, msomaji ajue. Ndicho nilichokuwa nikikiomba kwenye ripoti, nimekaa hapa nikikiandika. Mimi nilikuwa nakupitish..."

"Mzee, usiseme."

"Nimeshasema yote, mama. Bado jina la mke wangu tu." Akashusha pumzi. "Najitoa. Mwandishi, andika hivyo. Nimejitoa."

Yule dada alituangalia mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo alipoelewa sawasawa ni nani aliyeketi mbele yake, na kujitoa kwake maana yake ni nini.

"Lakini tuko wanne tu humu," akasema taratibu.

Sitasema sikutamani. Niliona ukimya wote ule, barua zote zile, zikinisubiri upya. Nilimtazama Mama nikiomba moyoni aseme ndiyo, tuko wanne tu, tunywe chai yetu.

"Siku moja," Mama akamwambia, "watu wa kwenu watakwenda kudai kisima kingine. Watabeba makala yako. Wa upande wa pili watatafuta pa kuishika. Wakisikia ulikunywa chai na aliyekuhakiki, na chupa ya asali ikiwa chini ya meza, hawatazungumza tena habari za maji. Watazungumza asali. Nataka wakose pa kuishika, mwanangu. Ni hilo tu ninaloweza kukupa."

"Na kumpata mwingine itachukua muda gani?"

Mama akanigeukia. Swali hilo lilikuwa langu.

"Sijui," nikasema. "Huyu mzee tulimpata baada ya wengi kunyamaza."

"Kikao cha kamati kitapita?"

"Kitapita."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na bei. Kisha akauliza lile ambalo sisi watatu tuliomba asiulize.

"Na ningekuwa sijaja?"

Mzee akatazama kofia yake. Mama hakuwa mtu wa uongo, hata wa huruma.

"Ungekuwa hujaja, wiki ijayo ungekuwa na barua."

Nilitegemea alie. Alicheka, kicheko kifupi kilichotoka puani, bila kuziba mdomo. "Kwa hiyo safari hii nimefuatilia hadi nimepitiliza."

Mzee alicheka naye, akaacha, akaona aibu.

Mgeni akasimama akaja kwenye meza yangu. Kompyuta yangu ilikuwa ya betri, bado inawaka. Aliniomba nimwonyeshe makala yake, kisha akauliza kama anaweza kuiondoa. Nikamwambia anaweza, ni kubonyeza mahali pamoja tu, na baada ya hapo yuko huru kuipeleka anakotaka. Simu yake ilikuwa mkononi. Wote wawili tuliujua ule ujumbe uliokuwa ndani yake, siku tatu na malipo. Nilisogeza mshale hadi pale pa kuondolea, nikautoa mkono wangu ili asione kama ninamzuia.

Akautazama ukurasa wake wa kwanza kwa muda.

"Jina langu halipo."

"Nililifuta."

"Na la baba? Nilimshukuru mwishoni."

"Nalo."

"Kwa hiyo yule mzee aliposema mtu huyu ana kichwa, hakuwa anajua chochote. Hakujua hata kama ni mwanamke."

"Hakujua chochote."

Mvua ilikuwa imepungua, na ukungu ulirudi dirishani mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Sijui alichokuwa akikipima. Mimi nilimfikiria baba yake, niliyemfuta kwa kidole kimoja nikinywa chai, siku ambayo siikumbuki.

"Iacheni," akasema. "Itafutieni mhakiki mwingine."

"Na mkataba?"

"Utaisha." Akaiweka simu kwenye begi, chini ya asali. Kisha akageuka. "Mzee, sasa wewe si mhakiki wangu tena."

"Mimi si mhakiki wa mtu yeyote. Mimi ni mkulima wa mbaazi."

"Basi naweza kukuuliza. Mtu akitaka kuchota masika haya, mvua ikiwa ndiyo hii, aanzie visima vya juu au vya chini?"

Mzee akamtazama Mama, kama mtoto anayeomba ruhusa. Mama akainua bega: uliza, jibu, mlango huo umeshavunjika. Mzee akavaa kofia yake upya. Akaeleza kwa muda mrefu, kwa mikono, akitumia vikombe vyetu kama visima na birika kama mlima. Alisema "binti yangu" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipofika kwenye daraja alimuuliza kama limejengwa.

"Wanasema limejengwa. Nitaliona."

"Kwa hiyo hurudi chuoni?"

"Nikarudi kufanya nini, mzee? Kusubiri wanisomee uamuzi wa kikao?" Akafunga koti hadi shingoni. "Gari la Loliondo, la kunishusha Sale, linapita saa ngapi?"

"Wakati huu wa mvua linapita likitaka," akasema Mama.

Umeme ukarudi. Kompyuta ya mzee ikalia, na ripoti yake ambayo hakuihifadhi ilikuwa imepotea yote. Aliitazama skrini tupu, akasema kwa Kiiraqw neno ambalo hakutufasiria. Kwenye yangu barua ilikuwa palepale nilipoiacha. Mheshimiwa Daktari. Sikuwa na nguvu ya kuandika mstari unaofuata, lakini vidole vilikuwa vimeshakaa mahali pake.

Mama alimsindikiza mgeni hatua chache, akasimama.

"Asali usiisahau. Ikiamuliwa, hata ikikataliwa."

"Ikikataliwa, Profesa, nitaimalizia mwenyewe."

Tulisikia akicheka kizingitini. Mlango wetu ulikuwa umevimba kwa mvua, nao wakati wa masika ulikataa kushika. Aliuvuta ukarudi, ukaingiza baridi na harufu ya udongo. Mzee akataka kuinuka amsaidie. Kabla hajasimama, yule dada aliuvuta tena kwa mikono miwili, kwa nguvu, ukafunga.